Kazi ya muda wote baada ya chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma maombi ya kazi ya wahitimu na kukaa kwenye meza ya usaili. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayonirudia mwaka hadi mwaka, kwa barua pepe, kwa simu na kwenye korido baada ya usaili. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo unaweza kuruka moja kwa moja hadi linalokuhusu. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali.

## Kabla ya kuanza

1. Nianze kutafuta lini?

Ukiwa bado mwaka wa mwisho, usingoje mahafali. Waajiri wakubwa wanaochukua wahitimu kwa mkupuo, kama mabenki, kampuni za ukaguzi wa hesabu na kampuni za mawasiliano, mara nyingi hupokea maombi miezi mingi kabla ya siku ya kuripoti. Anayesubiri kuvua joho ndipo aandike CV hukuta dirisha limefungwa. Taasisi ndogo huenda kinyume chake: mtu kaacha kazi wiki hii, wanataka wa kuziba nafasi wiki ijayo. Hao wakubwa uwaombe mapema, na hao wadogo uwe tayari kwa ajili yao muda wote.

Kuna kazi mbili za kufanya kabla hujakabidhi funguo za chumba cha hosteli. Ya kwanza, omba namba ya simu na barua pepe ya msimamizi wako wa utafiti na ya mtu aliyekusimamia kwenye mafunzo kwa vitendo. Ya pili, acha kutumia anwani ya barua pepe ya chuo kwenye maombi. Vyuo vingi hufunga akaunti mhitimu akishaondoka, na barua ya kuitwa usaili ikienda huko hutaiona kamwe.

2. Kazi ya muda wote na ajira ya kudumu ni kitu kimoja?

Hapana, na kuchanganya hizi mbili kunawaumiza wengi. Kazi ya muda wote inahusu saa unazofanya kazi kwa wiki. Ajira ya kudumu inahusu mkataba usio na tarehe ya mwisho. Unaweza kufanya kazi ya muda wote kwa mkataba wa miezi sita tu, na unaweza kuajiriwa kwa kudumu huku ukifanya nusu siku.

Saa zenyewe hutofautiana kwa sheria za kila nchi. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Ule wa 1935 ukaweka lengo la saa 40 kwa wiki. Kazi nyingi za ofisini huangukia kati ya hapo. Tangazo likisema "muda wote" bila kutaja saa, uliza, maana mwajiri mwingine akisema hivyo anamaanisha na Jumamosi.

3. Itachukua muda gani?

Inategemea fani, hali ya uchumi na namna unavyotafuta, na anayekuahidi idadi ya wiki anabahatisha. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hata pale mambo yanapokwenda vizuri, ombi moja lina safari ndefu: tangazo kufungwa, maombi kuchujwa, usaili wa kwanza, wa pili, kuwapigia wadhamini (watu wanaokufahamu ambao mwajiri huwauliza kukuhusu), mkataba kusainiwa. Hatua hizo peke yake hula wiki nyingi. Kwa hiyo panga maisha yako kwa miezi. Kama unahitaji kipato cha kukuvusha, soma swali la 14.

4. Lazima kazi iwe ya fani niliyosomea?

Kwa udaktari, uanasheria, uhandisi unaohitaji usajili na taaluma nyingine za leseni, ndiyo. Kwa nyingine zote mlango uko wazi kuliko wahitimu wanavyodhani. Aliyesoma historia amezoea kusoma nyaraka nyingi zinazopingana na kutoa maelezo yanayoeleweka, na huo ni ujuzi unaotafutwa kwenye utafiti wa masoko, ukaguzi na huduma kwa wateja wakubwa. Lakini mwajiri hatakutafsiria shahada yako. Kazi hiyo ni yako, na mahali pa kuifanya ni kwenye CV na barua ya maombi.

## Kuomba

5. Tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili. Niombe au niache?

Kama unatimiza masharti mengi ya kazi yenyewe, omba. Orodha ya sifa mara nyingi huandikwa na mtu anayemfikiria aliyeondoka, na aliyeondoka alikuwa na miaka mitano kazini. Mafunzo kwa vitendo, utarajali, kujitolea, kazi ya likizo, hata kuongoza chama cha wanafunzi kilichoshika fedha, vyote ni uzoefu ukieleza ulifanya nini hasa.

Acha pale sharti linapokuwa la kisheria au la lazima kabisa: leseni, lugha fulani, cheti fulani. Acha pia tangazo likisema miaka mitano au zaidi. Hapo wanatafuta mtu wa kuwasimamia wengine.

6. CV ya mhitimu iweje?

Ukurasa mmoja, mbili ukizidi. Jina, simu, barua pepe, elimu, uzoefu, ujuzi, wadhamini. Umri, dini, hali ya ndoa na namba ya kitambulisho usiviweke isipokuwa tangazo limeviomba.

CV nyingi hufia kwenye namna mambo yalivyoelezwa. Chukua mstari huu, ambao nimeukuta kwa maneno tofauti tofauti mara nisizoweza kuhesabu:

*Nilishiriki katika shughuli mbalimbali za idara ya uhasibu.*

Nikiusoma sijui kama alikuwa anapanga mafaili au anafunga hesabu za mwezi. Sasa mtu yuleyule, mafunzo yaleyale:

*Kila Ijumaa nililinganisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki. Katika miezi mitatu niligundua ankara mbili zilizolipwa mara mbili, na fedha zikarejeshwa.*

Huyu wa pili namwita. Hakuongeza chumvi hata kidogo; alikumbuka tu alichokifanya. Kaa na kila mstari wa CV yako ujiulize: nilifanya nini, mara ngapi, kikatokea nini? Kama huwezi kujibu hata moja, mstari huo ufute.

Kampuni kubwa hupokea maombi kupitia programu inayosoma maandishi na kuyapanga kabla mtu hajayaona. Programu hizo huweza kupotea kwenye jedwali, safu mbili, michoro na maandishi yaliyowekwa ndani ya picha. Tumia mpangilio wa kawaida kutoka juu kwenda chini. Tumia pia maneno ya tangazo lenyewe: wakisema "usimamizi wa ghala" nawe umefanya hivyo, usiandike "shughuli za stoo".

Mwisho, faili. Lihifadhi kama PDF, na lipe jina lako na nafasi unayoomba. Upande wetu, folda hujaa mafaili yanayoitwa "CV", "CV mpya" na "CV ya mwisho kabisa", na mengine hupotea humo humo. Hakikisha namba ya simu inapatikana. Niliwahi kumpigia mwombaji niliyempenda mara tatu kwa siku mbili, hapatikani, barua pepe kimya. Nafasi ikaenda kwa aliyemfuata, na bado naamini wa kwanza ndiye aliyestahili.

7. Barua ya maombi inasomwa kweli?

Si kila mahali. Ila inaposomwa, inaamua kati ya watu wawili wenye CV zinazofanana. Iwe aya tatu: unaomba nafasi gani na umevutwa na nini kwao, kitu kimoja ulichowahi kufanya kinachofanana na kazi yao, na lini unaweza kuanza. Barua inayoweza kutumwa kwa kampuni kumi bila kubadilishwa neno haimsemeshi hata mmoja kati ya hao kumi. Na kabla ya kutuma, angalia jina la kampuni. Wanaokosea hapo ni wengi kuliko unavyofikiri.

8. Nani awe mdhamini wangu?

Mtu aliyekuona ukifanya kazi na anayekukumbuka. Mhadhiri aliyekusimamia utafiti anamzidi profesa maarufu aliyewafundisha mkiwa mia nne ukumbini. Mwombe ruhusa kwanza, na kila unapoitwa usaili mtumie ujumbe mfupi wenye jina la mwajiri na tangazo la kazi. Mdhamini akipigiwa ghafla hujibu "ndiyo, namfahamu, ni kijana mzuri", na jibu hilo halikusaidii.

9. Nitume maombi mangapi kwa wiki?

Machache uliyoyafanyia kazi. Nimewaona wahitimu wanaotuma maombi thelathini kwa siku kwa CV ileile, na baada ya miezi miwili ya ukimya wanaamini wao ndio wenye kasoro. Ombi lililolengwa vizuri huchukua nusu siku: kusoma tangazo, kuisoma taasisi, kurekebisha CV, kuandika barua. Ukifanya manne au matano ya namna hiyo kwa wiki, na saa zilizobaki ukaongea na watu kama ilivyo kwenye swali la 10 na la 11, umefanya kazi ya wiki nzima.

Weka daftari. Tarehe, mwajiri, nafasi, CV gani ulituma, tangazo lenyewe limenakiliwa. Matangazo huondolewa mtandaoni siku ya mwisho ikipita, na utakapoitwa usaili hutakuwa na pa kusoma ulichoomba.

## Watu

10. Ni kweli kazi zinapatikana kwa kujuana tu?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na uchungu huo una haki yake. Upendeleo upo, na mtu aliyekosa nafasi kwa sababu nduguye si mkubwa hakosei kulalamika. Lakini kuna kujuana kwa aina ya pili ambako hakumnyang'anyi mtu chochote: kupata habari.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti aliowauliza watu wenye taaluma, karibu na jiji la Boston, walivyozipata kazi zao. Miongoni mwa waliozipata kupitia mtu, zaidi ya nusu walisema mtu huyo walikuwa wakionana naye mara mojamoja tu. Waliosaidiwa na watu wanaoonana nao mara kwa mara walikuwa wachache kuliko wote. Sababu yake inaeleweka: rafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua. Yule mliyesoma naye muhula mmoja kisha akahamia kwingine ndiye anayesikia mambo usiyoyasikia. Utafiti mkubwa zaidi uliofanywa kwa watumiaji wapatao milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, na kuchapishwa mwaka 2022, ulithibitisha jambo hilo kwa kiasi kikubwa, ukaongeza kwamba wanaosaidia zaidi ni wale wa kati: si wa karibu sana, wala si wageni kabisa.

Kwa hiyo orodhesha watu ishirini wa namna hiyo. Waliokutangulia chuoni mwaka mmoja au miwili, mliokuwa nao kwenye mafunzo kwa vitendo, jirani wa zamani, mwalimu wa sekondari. Wengi wao hawajui kwamba unatafuta kazi, kwa sababu hukuwaambia.

11. Nimwandikieje mtu ambaye hatujazoeana?

Kwa ufupi, na usimwombe kazi. Ukimwomba kazi umemweka kwenye kona, maana pengine hana; ukimwomba maelezo, anayo. Mfano:

*Shikamoo kaka. Naitwa Neema, nilikuwa nyuma yako mwaka mmoja pale idara ya takwimu. Nimeona sasa uko kwenye uchambuzi wa data za afya, eneo ninalolipenda sana. Naomba dakika kumi na tano za simu, siku na saa utakayopenda wewe, nikuulize uliingiaje na nijifunze nini kwanza. Asante, na hata kama nafasi haipo nitaelewa.*

Akikubali, andaa maswali matatu, zikifika dakika kumi na tano aga mwenyewe, na umshukuru kwa maandishi siku hiyohiyo. Swali la mwisho liwe hili: "Kuna mtu mwingine unaona ingefaa niongee naye?" Hapo orodha yako ya ishirini huanza kukua. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki moja, kisha umwache.

## Usaili na makubaliano

12. "Hebu tueleze kuhusu wewe." Niseme nini?

Usianze na mahali ulipozaliwa. Dakika moja na nusu: umesoma nini, umefanya nini kinachofanana na kazi hii, kwa nini uko mbele yao leo. Ifanyie mazoezi kwa sauti, si kichwani, maana kichwani kila mtu ni msemaji.

Maswali mengine mengi yataanza na "tupe mfano wa siku ambayo…". Wanataka tukio moja la kweli, na lina sehemu nne: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini, ikaishaje. Waombaji wengi hutumia dakika nne kwenye hali na sekunde kumi kwenye walichofanya. Pindua. Na uangalie kiwakilishi: "tuliamua, tukaandaa, tukawasilisha" inaniacha nikijiuliza wewe ulikuwa wapi. Binti mmoja aliwahi kutujibu hivi: "Mwenzetu aliacha kuja siku tano kabla ya kuwasilisha. Niligawa sehemu yake mara tatu, ile ngumu nikaichukua mimi, nikamwambia mhadhiri siku ileile. Tulipata B." Jibu lake lilikwisha ndani ya nusu dakika, na hata ile B aliitaja. Tulimwamini kwa kila alichosema baada ya hapo.

13. Wakiuliza nataka mshahara kiasi gani?

Fanya utafiti kabla ya kwenda, kwa kuwauliza walioko kwenye kazi kama hiyo. Kisha taja kiwango chenye chini na juu, ukijua kwamba wao watasikia cha chini. Sema wazi kama ni kabla ya makato au kinachoingia mkononi. Mhitimu akitaja cha mkononi na mwajiri akasikia cha kabla ya makato, mhitimu amejipunja, na atajua siku ya mshahara wa kwanza.

Ukiona hujajua majukumu ya kutosha, ni halali kusema: "Naomba kwanza kujua bajeti mliyoiweka kwa nafasi hii." Wengine watakuambia.

14. Nichukue kazi yoyote wakati nasubiri ninayoitaka?

Kama unahitaji kula na kulipa kodi, ndiyo, na usione aibu. Kazi ya dukani au ya kupokea simu hukupa mdhamini mpya na nidhamu ya muda. Linda kitu kimoja tu: saa chache za wiki, zilizopangwa, za kuendelea kutafuta. Wanaokwama kwenye kazi ya muda hukwama kwa sababu zile saa zilimezwa kidogo kidogo.

15. Usaili ulienda vizuri, sasa ni kimya. Nifanyeje?

Subiri tarehe waliyosema ipite, ongeza siku tano za kazi, kisha andika sentensi mbili kuuliza. Ukimya mara nyingi ni wa ndani: mwenye kusaini yuko safarini, bajeti haijapita. Wakati huo huo endelea kuomba kwingine kama vile jibu ni hapana. Likija hapana, shukuru na uulize jambo moja ambalo ungeboresha. Si wote watajibu, lakini nimewahi kumwita tena aliyekuwa wa pili baada ya wa kwanza kutokutokea, na barua yake nzuri ya shukrani ndiyo iliyonirahisishia.

16. Wakala anataka nilipe ada ili anipe kazi. Ni sawa?

Usilipe. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, isipokuwa kwa aina chache ambazo mamlaka husika imeruhusu. Wakala halali hulipwa na mwajiri.

Dalili za utapeli hufanana kila mahali: umepata kazi bila usaili, barua pepe ni ya anwani ya bure isiyo ya kampuni, pesa ni ya "fomu", "mafunzo" au "vipimo", na muda ni leo hadi saa kumi. Tafuta namba ya kampuni kwa njia yako mwenyewe, upige, uulize kama nafasi hiyo ipo.

## Mazingira magumu

17. Nimekaa mwaka mzima bila kazi. Pengo hili nilielezeje?

Kwa ukweli, kwa sentensi moja, kisha uende kwenye ulichofanya. "Nilimuuguza mzazi kwa miezi minane" ni jibu kamili. Kama mwaka ulipita katika kutafuta tu, anza leo kitu chenye tarehe: kujitolea siku mbili kwa wiki, kozi yenye cheti, kazi ndogo ya mkataba. Pengo lenye mwisho linasomeka tofauti na lile ambalo bado linaendelea.

18. Ufaulu wangu ni mdogo. Nimekwisha?

Hapana. Baadhi ya waajiri wana kikomo na hao huwezi kuwapita. Wengine wengi hawaulizi. Usiandike wastani kwenye CV kama haukusaidii na haujaombwa, na kamwe usiubadilishe, maana vyeti huhakikiwa. Uzito wako uuweke kwenye mistari ya aina ile ya swali la 6.

19. Nimehitimu wakati uchumi ni mbaya. Nitabaki nyuma maisha yangu yote?

Hasara ipo, lakini kwa wengi haidumu. Wachumi waliowafuatilia wahitimu wa vyuo vya Kanada, kwa utafiti uliotoka mwaka 2012, walikuta kwamba waliohitimu wakati wa mdororo walianza na kipato pungufu kwa takriban asilimia 9, na pengo hilo likaendelea kufifia hadi karibu kuisha ndani ya miaka kumi. Waliopona haraka walipona kwa kuhama, hatua kwa hatua, kwenda kwa waajiri wanaolipa vizuri zaidi. Kwa hiyo kazi ya kwanza iliyo chini ya matarajio yako ipokee, jifunze, na baada ya mwaka au miwili anza tena kutazama nje.

20. Nirudi kusoma shahada ya uzamili kwa sababu sijapata kazi?

Kama kazi unayoitaka inaidai, nenda. Kama ni kukimbia ukimya wa waajiri, subiri kwanza. Utatoka na deni au umri ulioongezeka, na tangazo litauliza uzoefu uleule.

21. Nimeshasaini kwingine, na sasa kazi niliyoipenda zaidi imeniita. Nifanyeje?

Soma mkataba uliosaini kabla ya kumjibu mtu yeyote. Tafuta vitu vitatu: muda wa majaribio, muda wa notisi, na kama kuna gharama utakazorejesha, mfano za mafunzo. Kisha hakikisha hiyo ya pili imekuja kwa maandishi, yenye mshahara na tarehe ya kuanza, kwa sababu ahadi ya simu haisainiwi.

Ukiamua kuondoka, mwambie msimamizi wako ana kwa ana, mapema, bila visingizio vya ugonjwa. Kama hujaanza kazi, mpigie siku hiyohiyo ili amwite aliyekuwa wa pili kabla naye hajachukuliwa. Ukishaanza, timiza notisi na uache maelezo ya ulichokuwa unafanya: faili liko wapi, nani anasubiri jibu, kipi kimebaki nusu.